Muhuri wa Papias

Sarafu nambari mia nne na kumi na saba.
Shaba. Gramu sita na ushei.
Ukingo umemeguka upande mmoja
kama mkate ulioonjwa na mtoto njiani.
Nimeilaza juu ya kitambaa cheusi
katika ghala la makumbusho, hapa Burdur.
Jiko la umeme limezimika tena.
Bi Nermin anataka orodha ifikapo Ijumaa.

Mbele, Kaizari: shingo nene, pua ya Makaizari wote.
Nyuma, mungu wa mto kajilaza ubavu
kama mtu aliyeshiba harusini,
na juu yake jina la mji
linakwenda kinyumenyume.

Mji wenyewe haupo.
Pana shamba la waridi la akina Satılmış
na pampu ya maji inayokohoa.

Jina lako sikulikuta popote. Nakuita Papias,
maana kuna Papias wengi kwenye makaburi ya huku
na mmoja zaidi hatawasonga.

Kazi yako, Papias, ilikuwa kuandika kinyume.
Katika chuma cha muhuri kushoto huwa kulia,
kilima huchimbwa kiwe shimo,
mfalme hutazama alikotoka ili aonekane anakwenda.
Kutwa nzima mkono wako ulidanganya
ili shaba iseme kweli.
Kisha siku moja
(diwani anazitaka sarafu kabla ya sikukuu,
mafuta ya taa yamekwisha,
jicho la kushoto limeanza ukungu)
uliliandika jina la mji wenu moja kwa moja,
kama mtu anavyoandika barua ya nyumbani.
Ukapuliza vumbi. Ukalisoma.
Likasomeka.
Hapo ndipo ulipokosea.

Kosa si kosa, husemwa, kosa kurudia kosa.
Lakini muhuri umeumbwa urudie.
Nyundo, na mji ukageuka.
Nyundo, na mji ukageuka.
Kijana wa koleo hakujua kusoma,
alihesabu tu, akipangusa jasho kwa bega.
Muuza vitunguu aliipima kiganjani, akaipokea.
Bawabu wa hamamu aliipokea.
Mtoza ushuru aliiuma, akaipokea.
Hakuna aliyerudi kugonga mlango wako.
Labda hilo ndilo lililokuuma.

Baba yangu alichonga mawe ya makaburi.
Mama alipofariki alilichonga jiwe lake mwenyewe,
usiku, hakutaka msaidizi.
ZULFIYE, aliandika, akasahau nukta mbili za juu ya U.
Wiki iliyofuata alirudi na patasi.
Akatoboa nukta moja.
Ya pili mkono ulikataa.
Jiwe lipo hadi leo, lina herufi
isiyojulikana kutamkwa na shule yoyote,
nami nikienda kupalilia huitamka,
nikisita kidogo katikati.

Safu ya maelezo ni nyembamba kama ukucha.
Nimeandika: *kosa la mchongaji*.
Nimefuta.
Nimeandika tena, kwa sababu ni Alhamisi.

Bi Nermin ameshuka kunywa chai.
Nimevua glavu, jambo lililo kinyume cha kanuni,
nikaibana sarafu yako kwenye nyama ya kiganja,
chini ya kidole gumba,
nikakandamiza hadi nikauma meno.
Nilipoiinua
jina lilikuwa limesimama sawasawa,
herufi zote, kutoka kushoto kwenda kulia,
jekundu,
nikalisoma kwa sauti humu ghalani
mara moja na nusu
kabla ngozi haijajaa.