Alama Mbili Puani

Saa kumi alfajiri nimeshakanda unga.
Duka la shangazi liko Long Beach, Mtaa wa Anaheim,
kati ya fundi simu na kinyozi,
na mafuta yakichemka hunong'ona
kama mtu asiyetaka kusikiwa chumba cha pili.
Donati dazeni arobaini. Masanduku ya rangi ya waridi.
Saa mbili niko chuoni, nywele zanuka sukari.

Somo: mauaji ya kimbari na haki za binadamu.
Jumanne na Alhamisi, chumba 214.
Marisol huketi kulia kwangu na kalamu zake za kukolezea:
njano kwa tarehe, kijani kwa mikataba,
waridi kwa idadi ya waliokufa.
Kufikia Oktoba daftari lake lilikuwa waridi tupu,
kama sanduku letu.
Akabadili rangi.

Profesa Lindqvist hapazi sauti.
Alitusomea kifungu polepole, kama asomaye risiti:
kundi la taifa, la kabila, la rangi, au la dini.
Akafunga kitabu. "Nani hayumo?"
Kiyoyozi kikakohoa.
Kijana wa nyuma akajaribu: "Wanasiasa?"
"Endelea."
"Walimu. Matajiri. Sijui… wenye miwani?"
Wawili wakacheka, si kwa ubaya.
Walidhani ni mzaha.

Babu alifundisha jiometri Battambang.
Walipokuja aliifukia miwani yake
chini ya nguzo ya tatu ya nyumba,
akajifunza kushika jembe, akajifunza kusema "sijui",
neno linalomtoka mwalimu kwa taabu.
Miezi minane alikuwa mkulima asiyejua kusoma.
Kisha mvulana mmoja, umri wa kaka yangu mdogo,
akamwinua kidevu kwa kidole
akamtazama pua:
vishimo viwili, huku na huku,
pale miwani ilipokalia miaka ishirini.
Jina alikuwa amebadili, mikono imeota sugu.
Pua ilibaki mwalimu.

Haya nayajua kwa vipande. Bibi hasimulii;
humponyoka akiosha mchele,
na ukigeuka kumtazama hunyamaza,
akaziokota punje zilizokimbia na maji,
moja moja, kwenye sinki.

Mtihani wa mwisho, swali la tatu, alama ishirini na tano:
*Waliouawa na watu wa taifa lao,
wa lugha yao na dini yao,
uhalifu huo uitweje? Jadili.*

Jadili.
Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo yote mawili.
Nilijua Wacham wanapita mlangoni mwa neno,
na Wavietinamu wa kule wanapita,
na babu anabaki uani, chaki mfukoni,
kwa kuwa aliyemuua alisema "maji" kama yeye alivyosema "maji".
Neno lenyewe limebeba mbari tumboni:
hukuuliza ulizaliwa na nani
kabla hujasema ulikufaje.

Nikavua miwani. Karatasi ikawa ukungu.
Nikapapasa pua.
Vipo. Vyangu vina miaka kumi na mmoja tu.

Nikaivaa tena, nikaandika kurasa nne,
nikanukuu kifungu bila kukosea nukta,
nikasema "hata hivyo" mara saba.
Babu sikumtaja.
Niliogopa angesahihishwa.

Karatasi ilirudi na ishirini na mbili,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo:
*Hoja safi. Mfano je?*

Nikampelekea bibi, asiyesoma Kiingereza.
Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama juu chini,
akairudisha.
Kisha akanivua miwani bila kuniomba,
akaipulizia pumzi,
akaifuta kwa upindo wa blauzi yake, muda mrefu,
kuliko vumbi lililokuwepo,
akanivisha,
akaibana kwa nguvu
pale pale.