Vichwa Viwili, Mita Moja

Wandega karudi kutoka Kampala na karatasi,
kaikunja mara nne kama barua ya posa,
kaiweka mezani, kati ya chumvi na bakuli la malewa.
Milioni tatu na laki mbili.
Kompyuta ya mezani, imechoshwa na ofisi za ughaibuni,
ina prosesa mbili.
"Mbili, Khainza," akasema,
akanyanyua vidole viwili, nisije nikasikia moja.

Mimi ndiye mshika daftari wa nyumba hii ya Namakwekwe.
Yeye hupiga video, mimi hupiga hesabu:
harusi, maziko,
na kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu,
kadodi zikivuma kutoka Agosti hadi Desemba,
vijana wamepakwa unga, wamesimama wima mbele ya kisu,
na baba zao wanataka dividii
kabla kidonda hakijakauka.

Hapo ndipo kichwa kimoja cha mashine yetu huelemewa.
Harusi moja, saa tano za kupika picha.
Mstari wa kijani unatambaa kama konokono mjamzito,
feni inalia,
na kuku wetu wa madoa, aliyegundua lile joto la nyuma,
ametaga mayai manne pale pale.
Nikamwambia mume wangu: prosesa zikiwa mbili
atatotoa bila kulalia.
Hakucheka.

Tukaenda kwa Oketcho, fundi wa Barabara ya Naboa.
Aliisoma karatasi, bisibisi mdomoni.
"Programu yako ya kuhariri ni ipi?"
Wandega akaitaja, ile ya kale,
aliyogawiwa na binamu yake bila risiti.
"Hiyo inajua kichwa kimoja tu.
Cha pili utakilisha bure.
Kitakaa kama shemeji mgeni
anayengoja kuambiwa kazi, huku sahani haimtoki mkononi."
Kisha akasema: ongeza kumbukumbu, laki moja na ishirini.
Kumbukumbu!
Nyumba yetu imejaa kumbukumbu za watu wasiolipa.

Usiku nikapiga hesabu kwa tochi, maana tokeni zilikwisha.
Zilikwisha, Wandega, kwa hicho kimoja.
Harusi hamsini na tatu ndipo mashine ijilipe,
na ubishi wa ile ya hamsini na nne.
Na mwaka huu ni witiri:
ngoma zinaning'inia ukutani, visu vimelala,
vichwa vyote viwili vingelala navyo.

Lakini nisiseme uongo.
Naikumbuka Septemba ya mwaka jana,
familia kumi na tisa mlangoni,
naye amelala sakafuni kando ya mashine,
kila saa anaamka kuutazama mstari
kama mama wa mtoto mwenye homa.
Usiku ule, mchuuzi angepita na prosesa kapuni,
ningempa ndama wetu, na kamba yake juu.

Jumanne akaja Mama Nambozo kuchukua dividii yake,
mwaka mzima amekuwa akiidunduliza ile elfu thelathini.
Tukaiweka aone kama inacheza.
Mwanawe anaruka, njuga mapajani,
na nyuma yake, kwa sekunde chache,
marehemu mumewe anafuta jasho kwa kofia.
"Rudisha."
Wandega akarudisha.
"Rudisha tena. Haiwezi kwenda pole pole zaidi?"

Iliweza.

Karatasi ipo nyuma ya kioo. Sijaichana.
Mume wangu akipita huigusa pembe,
nami hujifanya natazama mvua ikishuka Wanale.
Mwakani ni shufwa.
Ndama ananenepa; yeye hajui hesabu.