Kipi Kitangulie Kufa

Luthuli, ghorofa ya tatu, duka lisilo na jina,
Gathogo ananimwagia fyuzi juu ya kaunta kama njugu.
"Fyuzi ni fyuzi, Syombua. Ampea thelathini. Chagua."
Za kioo, za gari, za kaure, moja maandishi yamefutika.
Nazigeuza moja moja. Yeye anatafuna, anatazama saa.

Mkobani nina maiti sita:
transista za inveta ya Bi. Kerubo wa Ruai,
zimepasuka vifua, zinanuka kama ukucha ulioungua.
Na nina fyuzi iliyowekwa izilinde.
Nzima. Haina hata doa.
Mlinzi wa aina hii tunamjua mjini:
nyumba inaibwa mpaka masufuria,
na kunapokucha kofia yake haijapinda.

Mayai mia tisa yalikuwa kwenye kiangulio, siku ya ishirini.
Stima ikapotea saa nane usiku, inveta ikaamka,
waya wa feni ukagusa bati.
Basi.
Kerubo aliyapasua machache aone.
Hakunieleza alichoona. Aliniambia tu,
"Moja lilikuwa limeshatoboa."

Sasa, Gathogo, acha kutazama saa.
Waliosema haraka haina baraka
hawakuwahi kulinda transista.
Hii yako ya uvivu ni ya mota:
mota ikianza hunguruma, huvuta mkondo mara sita,
nayo fyuzi huvumilia, hungoja mwenzake atulie.
Uvumilivu mzuri, kwa mashine ya posho.
Transista haina muda huo. Ukipepesa jicho
imekwisha kufa, imezikwa, na matanga yameanuliwa.

Jana nilishinda na karatasi:
mkondo zidisha kwa mkondo, zidisha kwa muda,
hiyo ndiyo sumu, na kila kifaa kina kikombe chake.
Kikombe cha fyuzi kiwe kidogo kuliko cha transista,
kijae mapema, kimwagike mapema.
Nikafuta, nikarudia. Ampea ni mwanzo tu wa swali.
Swali lenyewe ni kipi kitangulie kufa.

"Na volti?" anauliza, sasa ametema ganda.
Volti. Hii imeandikwa mia mbili hamsini, lakini za stima,
na stima hupumua: mara mia kwa sekunde hupita sifuri,
cheche ikakata roho papo hapo.
Betri haipumui. Cheche ya betri ikishika
hula shaba, hula kaure, hutafuta ukuta.
Nitafutie yenye alama ya mstari ulionyooka, vipande chini yake,
iliyoshindiliwa mchanga,
yenye utepe wa fedha uliotobolewa tobo tobo.

Anapanda ngazi. Anashuka na vumbi kichwani
na kisanduku kimoja.
"Elfu mbili mia nane. Hakuna anayenunua hizi."
Najua.
Ninabembeleza, anakataa. Nachukua mbili.

Wiki tatu baadaye Kerubo anapiga simu, sauti juu:
"Ile fyuzi yako ya bei imekufa!"
Na inveta?
Kimya. Nasikia vifaranga nyuma yake, au ni mvua juu ya bati.
"Inveta..." anasema, "inveta ni nzima.
Panya alitafuna waya. Nimeufunga."
Nyingine niliibandika ndani ya kifuniko.
"Nimeiona. Nimeshaiweka. Lakini Syombua,
kitu cha bei hivyo, kinakufaje ndani ya mwezi?"
Ningemjibu nini? Kilikufa kazini, mama.

Ile iliyokufa niliipasua kwa nyundo.
Mchanga ulikuwa umeshikana,
kijiwe cha kioo, kijivu, nusu ya kidole,
radi nzima imelala ndani yake bila kutoka nje.
Nilimpelekea Gathogo.
Alikiinua mbele ya dirisha, akakizungusha sana,
kisha akauliza kama kinauzika.