Betri ya Lori

Betri ilikuwa moja, wenyewe wawili:
lori la baba, na redio.
Saa kumi na moja na robo, theluji imefika vizingitini mwa madirisha,
baba aliinua boneti, akaing'oa,
akaileta mezani kifuani kama mwanakondoo,
tukaunga nyaya.

Kwanza mkoromo. Kisha farasi.

Hapa Wilber, Nebraska, farasi tuliwajua:
tulikuwa nao wawili, wazito, kwato kama sufuria,
walinuka jasho na hawakuwahi kumwokoa mtu.
Ila Radi, farasi wa Kapteni Rusk,
alipopita ndani ya kisanduku kile cha mbao
vikombe vilitetema kabatini.

Mtangazaji alituuzia uji wa shayiri:
vifuniko vitano na senti kumi, upate beji.
Tuliunywa uji ule hadi tukauchukia.
Beji haikuja.

Februari ile, Kapteni akining'inia korongoni
kwa kamba inayokatika uzi mmoja mmoja,
sauti ikafifia, ikawa ya nzi, ikawa si kitu.
Betri imekata roho.
Baba akasema: Basi. Kesho maziwa lazima yafike kiwandani.

Dada yangu Lida, miaka kumi na mmoja,
hakumjibu. Alichukua mabakuli mawili ya mti,
akayafudikiza mezani:
ko-toko, ko-toko, ko-toko.
Polepole juu ya mbao, mbio juu ya bati la kuokea mkate.
Hapo ni mawe, alisema, msipumue.
Mama akatikisa shayiri mkebeni, mvua ikanyesha.
Na baba, aliyeishiwa maneno tangu mwaka wa vumbi,
akabana midomo, akawa upepo.

Kwa Lida, kamba ilikatika.
Kapteni akaenda chini, moja kwa moja.
Farasi akageuka na tandiko tupu,
akashika njia ya nyumbani usiku kucha,
mabakuli yakipungua, yakipungua,
hadi mkono wa dada ukalala mezani.

Kesho yake shuleni, Zdenek akasema si hivyo,
alitokea rafiki na kamba nyingine.
Nikamwita mwongo.
Jino nililolipoteza siku hiyo silijutii.

Lida sasa yuko nyuma ya kanisa, chini ya nyasi.
Bakuli lake moja limebaki kwangu. Silitii unga.
Jioni nyingine hulifudikiza, nikagonga.
Bakuli moja halitoi farasi.
Linatoa mtu anayebisha hodi.