Itunzeni Siku

Shangazi Mize kanishikisha simu:
"Andika. Itunzeni siku, kadi inafuata."
Nikaandika Jumamosi, tarehe kumi na tisa.
"Futa. Sema karafuu zikishakauka."

Na walioko Maskati, tiketi watakata vipi?
"Basi tia zote mbili,
na inshallah katikati,
maana mvua ya Wete haijui kalenda
na majamvi yetu bado yako uani."

Mahali?
Akanitazama kama nimeshuka meli ya asubuhi.
"Kwani nani hapajui kwetu?"

Ikenda, simu mia na thelathini.

Usiku, kutoka chumba cha pili,
Raya, mwenye harusi yake:
"Kaka, mbona sijatajwa?"

Shangazi akajibu gizani:
"Kwani wewe mgeni?"