Haja Ndogo

Lori langu la buluu limeandikwa ubavuni,
kwa Kiarabu: maji ya kunywa.
Galoni elfu tano kutoka visima vya Ibri
hadi Araqi, hadi Dhank, hadi mashamba yasiyo na bomba,
na mimi kwenye usukani, ulimi mkavu
kama kitambaa cha kufutia vioo.

Sikuacha kunywa kwa ujinga. Nilipiga hesabu.
Ukinywa utakojoa. Ukikojoa utasimama.
Ukisimama, wapi? Barabara tupu, mgunga mmoja,
na bosi anayehesabu safari kwa simu.
Kwetu Voi tunaiita haja ndogo.
Nikaidharau kwa jina lake.

Chai ya maziwa alfajiri, chai adhuhuri,
usiku papa mkavu juu ya wali, chumvi inang'aa.
Haba na haba, nilifundishwa shuleni.
Sikuambiwa kibaba kinaweza kuwa ndani ya figo.

Jumanne, mwezi wa saba, digrii arobaini na saba.
Nilidhani ni mgongo tu, mgongo wa madereva.
Kisha kitu kikateremka kutoka mbavuni hadi kinenani
kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma juu ya saruji.
Nikatapika dirishani. Nikashuka, nikalala chini,
changarawe ikanichoma, nikainuka, nikapiga magoti.
Kilichotoka kilikuwa vijiko viwili,
rangi ya chai isiyo na maziwa.

Muuguzi Shinuna ana Kiswahili cha Pemba,
urithi wa bibi yake.
"Kaa kitako, baba'ngu."
"Siwezi kukaa."
"Basi ni jiwe. Wenye jiwe hawakai."
Sindano. Dripu. Picha.
Daktari akagusa nukta nyeupe kwenye kioo: milimita nne.
Nne tu? Nikaona haya.
Nimelilia kitu kisichofika punje ya mtama.

"Litatoka lenyewe," akasema.
"Vidonge hivi vinalegeza mfereji. Chumvi, punguza.
Maji lita tatu kwa siku. Kojolea kwenye chujio.
Ukishikwa na homa na kutetemeka, usingoje kuche."

Kwenye benchi la duka la dawa nilimkuta Musabah,
fundi wa majenereta, mteja wangu wa Araqi,
mama yake mzaliwa wa Tabora.
Alikuwa anamumunya kipande cha barafu,
taratibu, kama mtoto anayeogopa pipi kuisha.
Figo zake zilikufa kimya, alisema, presha na sukari;
siku tatu kwa wiki mashine inamfulia damu.
"Gusa hapa." Nikagusa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko.
Ulitetemeka chini ya kidole
kama mpira wangu wa maji pampu inapowaka.

"Wewe wamekupa ngapi?"
"Lita tatu."
Akacheka mpaka barafu ikamtoka mdomoni.
"Mimi vikombe vitatu. Na mchuzi unahesabiwa,
na hii barafu inahesabiwa."
Akaiokota, akaitazama, akaitupa kwenye pipa.
"Nyingine moja uninywee mimi, Mwadime."

Shaji, mwenzangu wa chumbani,
alinipa chujio lake la chai na kuniambia nisilirudishe.
Siku ya tano nikasikia: tik.
Kahawia, lina miiba, jepesi kama uongo.
Nililitia kwenye kiberiti kitupu
nimpelekee daktari, baada ya kumwonyesha bosi.
Bosi alitazama, akauliza safari za Jumatano.

Jumamosi nilifika kwa Musabah na mzigo wake.
Mkewe akasema nyuma ya mlango: yuko kwenye mashine.
Nilipanda juu, nikafunua tangi.
Maji hayakuwa yamepungua hata shubiri.
Nikajaza hicho kidogo, nikafunga kifuniko,
nikashuka kwenye kivuli cha ukuta
nikamaliza chupa nzima bila kupumua. Hiyo yake.
Nikafungua nyingine.

Maili sita mbele niliegesha kando ya mgunga.
Nikasimama pale, muda mrefu,
simu ikiita mfukoni.