Taya la Punda

Refugio kaja na taya la punda,
limechemshwa, likaanikwa juani,
meno yamelegea, hayajang'oka.
Analipiga ngumi: linatetemeka, linacheka.

Nje ya kiwanda cha sukari, Veracruz,
Eulalio amekalia sanduku la vyuma, anavidonoa;
Citlali ana gitaa dogo la gogo moja.
Vipaza sauti hawana. Umeme meneja kaukata.

Wanaimba hesabu tu:
wiki kumi na moja,
wakata miwa mia mbili na sita,
mshahara, kesho.

Punda huyu aliibebea kampuni miaka tisa.
Alikufa njiani. Mzigo wa bwana ulifika.

Meneja anachungulia nyuma ya pazia:
"Ngoma gani hiyo?"

Si ngoma, bwana.
Ni shukrani ya punda,
imechelewa kidogo.